Simba, Ragtime na neno "kuibiwa": nani hasa alistahili Tony?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Mimi na dada yangu hatuelewani. Nimesikiliza albamu ya Ragtime, tamthilia ya muziki ya Broadway, mpaka nimeihifadhi, na nasema iliibiwa tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki ya mwaka 1998 na The Lion King. Dada yangu aliiona The Lion King jukwaani, naye anasema sijui ninachokisema. Halafu yeye huyo huyo anadai Wicked iliibiwa mwaka 2004 na Avenue Q. Tukifika kwa waigizaji ndiyo hatusikilizani kabisa. Je, kuna kipimo cha haki cha kusema nani alistahili, au kila mtu na mapenzi yake?"

Kipimo kipo, ila wengi wetu tunakitumia pale tu kinapotupendelea. Nianze na majibu yangu, sababu zifuate. Mwaka 1998 kura yangu ningeipa The Lion King. Mwaka 2004 ningeipa Avenue Q. Kwa hiyo kila mmoja wenu ameshinda mara moja na kushindwa mara moja. Na kwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka 2004 ningempa Tonya Pinkins wa Caroline, or Change. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote, nitalirudia.

Kwanza tujue kinachotolewa ni nini na kinatolewa na nani. Tuzo za Tony zilianza mwaka 1947 na zimebeba jina la Antoinette Perry. Zinatolewa na American Theatre Wing pamoja na The Broadway League, na zinahusu Broadway peke yake, yaani kumbi za New York zenye viti 500 au zaidi zilizokubaliwa kuingia katika orodha hiyo. Kamati ya uteuzi huyaona maonyesho ya msimu mzima na kutaja wateule. Baada ya hapo wapiga kura zaidi ya 800 huchagua. Wengi wao wanaishi kwa kazi hii: watayarishaji, waigizaji, waongozaji, wabunifu, wenye kumbi, na wale wanaonunua maonyesho ili kuyapeleka miji mingine ya Marekani. Kila mmoja anachagua jina moja katika kila kipengele. Hakuna kikao wala hoja zinazopingana mezani, na hakuna anayeulizwa sababu. Ndiyo maana neno "kuibiwa" silitumii. Mwizi huwa na nia, na watu 800 waliopiga kura kila mmoja kivyake hawana nia moja. Kinachoweza kutokea ni kukosea, na kukosea kunaweza kujadiliwa.

Jambo la pili ni kwamba tuzo ya tamthilia bora ya muziki haitolewi kwa nyimbo. Nyimbo zina kipengele chake, andiko lina chake, uongozaji chake, maleba chake, taa chake. Tuzo kuu hupanda kuichukua watayarishaji, kwa sababu ni tuzo ya kitu kizima: yale unayoyaona, unayoyasikia na unayotoka nayo mlangoni. Ukisema Ragtime ina nyimbo bora kuliko The Lion King, nakubaliana nawe bila kusita, na wapiga kura walikubaliana nawe pia. Lynn Ahrens na Stephen Flaherty walipata tuzo ya muziki na mashairi usiku ule ule.

Tazama jinsi tuzo za mwaka 1998 zilivyogawanywa, maana mgawanyo wenyewe una maana. Ragtime iliingia na uteuzi 13, ikatoka na tuzo 4: muziki na mashairi, andiko la Terrence McNally, upangaji wa ala wa William David Brohn, na Audra McDonald kama mwigizaji msaidizi. The Lion King iliingia na uteuzi 11, ikatoka na tuzo 6: tamthilia bora, uongozaji na maleba kwa Julie Taymor, dansi kwa Garth Fagan, mandhari ya jukwaani kwa Richard Hudson, na taa kwa Donald Holder. Ukimwacha McDonald, utaona kwamba yote ya sikio na karatasi yalikwenda upande mmoja, na yote ya jicho yakaenda upande mwingine. Nusu mbili za sanaa moja zilisimama zikitazamana, na wapiga kura wakalazimika kuamua ipi ndiyo kiini.

Sasa rudi kwenye ugomvi wenu. Wewe umesikiliza albamu. Dada yako amekaa ukumbini. Hapo ndipo mlipoachana, na hamkujua. Albamu ya Ragtime inakupa karibu kila kilicho bora katika Ragtime. Wimbo wa ufunguzi, ambamo familia ya kizungu ya New Rochelle, Weusi wa Harlem na wahamiaji wanaoshuka melini wanaletwa kundi baada ya kundi mpaka wanajikuta katika mdundo mmoja, unaweza kuuelewa ukiwa umefumba macho. Albamu ya The Lion King haiwezi kukupa hata robo ya kilichofanyika pale. Inakupa nyimbo za Elton John na Tim Rice ambazo nyingi ulizijua kutoka katika filamu ya mwaka 1994, pamoja na zile alizoongeza Lebo M na wenzake, ambazo kwangu ndizo nzuri zaidi. Kazi yenyewe haimo kwenye albamu.

Kazi yenyewe ni hii. Mufasa amevaa barakoa ya simba juu ya kichwa chake, si usoni. Unamwona mtu na unamwona mnyama kwa pamoja, na anapokasirika barakoa inashuka mbele ya uso. Nyika ni watu waliobeba nyasi vichwani. Twiga ni mwigizaji anayetembea kwa miguu na mikono juu ya magongo manne. Ukame unaonyeshwa kwa kitambaa cha hariri cha duara kilichotandazwa kama dimbwi, kikavutwa taratibu kupitia tundu la sakafuni mpaka kinakwisha. Simba jike wanaolia wanavuta utepe mweupe kutoka machoni. Hakuna kinachofichwa: unaona kamba, unaona mkono, unaona mtu, na bado unaamini. Mtoto wa miaka sita anaelewa bila kuelezwa, na mtu mzima aliyekwisha kuchoka na majukwaa anakumbushwa kwa nini alilipenda jukwaa tangu mwanzo.

Kipimo changu basi ni hiki: ondoa kile onyesho linachokifanya vizuri kuliko yote, kisha uulize kama bado linasimulia hadithi. Ukiondoa uongozaji na vikaragosi vya Taymor, The Lion King inabaki filamu iliyorudiwa karibu tukio kwa tukio, tena filamu iliyopungua. Andiko lake ni jepesi, sibishi. Lakini hapo uongozaji haukuja kupamba andiko. Uongozaji ndio uliokuwa mwandishi. Ndiyo maana naona kura ile ilikuwa sahihi. Wapiga kura waliulizwa ni kitu gani kipya kimetokea katika ukumbi wa Broadway msimu ule, wakajibu vizuri. Taymor alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tony ya uongozaji wa tamthilia ya muziki. Usiku huo huo Garry Hynes akawa mwanamke wa kwanza kuipata kwa mchezo usio wa muziki. Miaka 51 tangu tuzo zianze, mambo mawili kwa saa chache.

Wengine watakuambia ilikuwa nguvu ya fedha, kwamba Disney ilinunua tuzo. Hoja hiyo haisimami. Disney ilileta Beauty and the Beast msimu wa 1993 hadi 1994, ikapata tuzo moja tu, ya maleba, na tamthilia bora ikawa Passion. Wala Ragtime haikuwa yatima. Nyuma yake kulikuwa na Livent, kampuni ya Kanada iliyojenga ukumbi mpya kabisa katika mtaa wa 42 kwa kuunganisha kumbi mbili za zamani, na ng'ambo ya mtaa huo huo ndipo ulipokuwa New Amsterdam, ukumbi ambao Disney iliukarabati na kuiwekea The Lion King. Walikuwa matajiri wawili wakitazamana.

Hapa lazima nijihoji mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya kuivutia ngoma hii. Mtazamaji wa New York anasikia Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi kama majina. Sisi tunasikia maneno, na "sarabi" hasa, mazigazi ya maji yasiyokuwepo, kwetu lina uzito ambao tafsiri haiufikishi. Lakini ukisikiliza vizuri, roho ya muziki wa onyesho lile haitoki katika lugha yetu. Inatoka Afrika Kusini, kwa Lebo M, na sauti ya kwanza kabisa inayofungua onyesho ni ya Rafiki akiita kwa Kizulu. Tsidii Le Loka ndiye aliyeifungua nafasi hiyo Broadway, akateuliwa, akashindwa na McDonald. Kwa hiyo ufahari wa majina nimeuweka kando kabla ya kupiga kura yangu ya kufikirika, na jibu halikubadilika.

Na Ragtime je? Ni kazi kubwa. Coalhouse Walker Jr., mpiga piano Mweusi anayedai haki kwa gari lake lililoharibiwa na wazima moto mpaka dai hilo linamla maisha, ni mmoja wa wahusika wazito kuliko wote katika muziki wa jukwaani wa Marekani wa miaka ile, na Brian Stokes Mitchell aliyemwigiza alishindwa na Alan Cumming wa Cabaret. Kama unatafuta dhuluma ya usiku ule, itafute hapo kabla ya kuitafuta kwenye tuzo kuu. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba wahusika mara nyingi wanajieleza wenyewe badala ya kutenda, na nusu ya pili inapanga wimbo mkubwa juu ya wimbo mkubwa mpaka moyo unakosa pa kupumulia. Kwenye albamu hiyo ni raha tupu, lakini ukumbini inachosha.

Sasa tumgeukie dada yako na mwaka 2004, maana yeye anapima kwa mizani mbili.

Mwaka ule mgawanyo ulikuwa ule ule, taji likaenda kinyume. Wicked ilipata tuzo 3: Idina Menzel kama mwigizaji bora wa kike, mandhari ya Eugene Lee na maleba ya Susan Hilferty. Avenue Q ilipata 3: muziki na mashairi ya Robert Lopez na Jeff Marx, andiko la Jeff Whitty, na tamthilia bora. Mambo ya jicho upande mmoja, ya karatasi upande mwingine, kama 1998, ila safari hii karatasi ndiyo iliyoshinda. Anayesema jicho lilistahili 1998 atasemaje karatasi ilistahili 2004 bila kujipinga? Mimi nasema yote mawili, kwa hiyo nina deni la maelezo.

Rudi kwenye kipimo kile cha kuondoa. Ondoa joka lililotanda juu ya jukwaa la ukumbi wa Gershwin na magurudumu ya saa yanayolizunguka, ondoa yale maleba ya kijani ya Jiji la Zumaridi. Hadithi ya Elphaba na Glinda, wachawi wawili wa nchi ya Oz, inabaki vile vile, neno kwa neno. Mandhari ya Wicked ni mazuri mno, ila ni nguo juu ya mwili uliokwisha kuumbwa. Na mwili wenyewe una jeraha: nusu ya kwanza inakwenda kwa nguvu mpaka msichana anapaa angani kwa wimbo ambao kila mtu anaujua, kisha nusu ya pili inahangaika kufunga kamba zote ili zifike kwenye hadithi ya Dorothy, ile ya The Wizard of Oz. Kuna ushahidi mwingine ambao haupendi kutajwa: mwongozaji Joe Mantello alipata Tony usiku ule, lakini kwa onyesho lingine, Assassins. Kwa Wicked hata kuteuliwa hakuteuliwa.

Avenue Q ilikuwa onyesho dogo lililotoka ukumbi mdogo wa Vineyard na kuhamia Golden, wenye viti kama 800, wakati Gershwin una zaidi ya 1,900. Nalo lilitumia vikaragosi, na hapa pia mchezaji wa karagosi alisimama wazi pembeni yake, uso wake ukionekana. Ni kanuni ile ile ya Taymor kwa bajeti ya sebuleni. Vikaragosi vya Avenue Q vinafanana na vile vya televisheni ya watoto, na nyimbo zake zimejengwa kama nyimbo za kuwafundisha watoto herufi na adabu. Ila wanaofundishwa ni watu wazima waliomaliza chuo, hawana kazi na hawajui wameumbwa kwa nini. Umbo na maana ni kitu kimoja. Huwezi kuondoa vikaragosi ukabaki na nyimbo, wala kuondoa nyimbo ukabaki na vikaragosi. Kwa hiyo sijipingi. Mwaka 1998 na mwaka 2004 nimelipigia kura onyesho ambalo nguvu yake kuu ndiyo iliyosimulia hadithi.

Kipimo kizuri lazima kiweze pia kukupinga mwenyewe pale kura zilipokwenda kwingine. Mwaka 1972 Follies ilipata tuzo 7, zikiwemo za muziki, uongozaji, mandhari, maleba na taa, ikanyimwa tamthilia bora. Tuzo hiyo ilikwenda kwa Two Gentlemen of Verona, iliyotokana na Shakespeare na kuanzia maonyesho ya bure ya kiangazi. Two Gentlemen ilikuwa changamfu na watu waliipenda. Lakini katika Follies wanawake wa makamo wanarudi kwenye ukumbi unaokaribia kubomolewa, na vivuli vya ujana wao vinatembea kando yao jukwaani. Ukiondoa vivuli vile hakuna onyesho. Hapo wapiga kura walikosea, na nasema hivyo kwa mizani ile ile.

Neno kuhusu umri wa onyesho, kwa sababu najua dada yako atalileta: Wicked bado ipo, Avenue Q iliondoka Broadway mwaka 2009, basi nani alikuwa sahihi? Muda wa kukaa jukwaani ni habari ya soko. Kama ungekuwa ushahidi, wewe ungepaswa kunyamaza kabisa, kwa sababu Ragtime ilifungwa Januari 2000 na The Lion King ipo mpaka leo. Mfano unaopendwa ni Chicago, iliyoteuliwa mara 11 mwaka 1976 na kurudi nyumbani mikono mitupu mbele ya A Chorus Line iliyochukua 9. Ilirudishwa mwaka 1996, ikapata tuzo 6 msimu huo, na haijaondoka tangu hapo. Watu husema historia ilisahihisha kosa. Mimi naona hakukuwa na kosa. A Chorus Line ilikuwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, wachezaji dansi wasio na majina wakisimulia maisha yao kwenye mstari mweupe, na Chicago ya mwaka 1996 ilikuwa uzalishaji mwingine, uliovuliwa mandhari na kukutana na hadhira iliyokwisha kuzoea kesi za mahakamani kwenye televisheni. Uingereza wana kisa chao: Les Misérables ilikosa tuzo ya Olivier ya tamthilia mpya ya muziki mwaka 1985, ikashindwa na Me and My Girl, kisha ikavuka bahari na kupata Tony 8 mwaka 1987. Tuzo hupima msimu. Kilichotokea baada ya hapo si kosa la mpiga kura.

Sasa waigizaji, ambako mnasema hamsikilizani.

Hapa kuna mtego ambao haupo kwenye tuzo ya onyesho zima: mwigizaji hashindani na nafasi yake, anashindana na wateule wengine wa mwaka ule. Mfano mzuri kuliko yote ni Rose, yule mama wa Gypsy anayewasukuma binti zake jukwaani mpaka anabaki peke yake. Tangu mwaka 1959 wanawake sita wameufungua mchezo huo Broadway katika nafasi hiyo, na wote sita wameteuliwa. Watatu walishinda: Angela Lansbury mwaka 1975, Tyne Daly mwaka 1990, Patti LuPone mwaka 2008. Watatu walishindwa: Ethel Merman mwaka 1960 mbele ya Mary Martin wa The Sound of Music, Bernadette Peters mwaka 2003 mbele ya Marissa Jaret Winokur wa Hairspray, na Audra McDonald mwaka 2025 mbele ya Nicole Scherzinger wa Sunset Blvd. Nafasi ni moja, nyimbo ni zile zile, matokeo nusu kwa nusu. Hakuna anayeweza kuniambia Merman, ambaye nafasi iliandikwa kwa ajili ya koo lake, alikuwa nusu ya Rose. Kwa Merman na Martin ningempa Merman. Kwa mwaka 2025 pia ningempa McDonald, na sisemi hivyo kumshusha Scherzinger. Kamera zilizomfuata usoni na kumtupa kwenye skrini kubwa zilimfanyia sehemu ya kazi ambayo McDonald aliifanya kwa mwili wake peke yake mpaka kiti cha mwisho cha ukumbi wa Majestic.

Halafu kuna bango. Kwa kanuni ya zamani, mwigizaji ambaye jina lake liko juu ya jina la mchezo ndiye kiongozi, na aliye chini ni msaidizi. Hadi leo hapo ndipo kamati inapoanzia, ingawa inaweza kubadilisha. Mwaka 1958 kanuni hiyo ilileta jambo la ajabu. Barbara Cook, aliyekuwa mwanamke mkuu wa The Music Man bila ubishi, alishinda kama mwigizaji msaidizi. Carol Lawrence, aliyekuwa Maria wa West Side Story, aliteuliwa humo humo kama msaidizi. Na Chita Rivera, aliyekuwa Anita wa kwanza, hakuteuliwa kabisa. Kabla hamjagombana tena kuhusu mwigizaji, ulizeni kwanza alikuwa kipengele gani na akiwa na nani. Nusu ya ugomvi itakwisha hapo.

Nusu inayobaki ndiyo ya kweli, na ndimo alimo Tonya Pinkins.

Caroline, or Change ilitungwa na Jeanine Tesori kwa maneno ya Tony Kushner. Ni mwaka 1963, Lake Charles, Louisiana. Caroline Thibodeaux ni mfanyakazi wa ndani, Mweusi, mama mwenye watoto wa kulea peke yake, anafua nguo katika chumba cha chini cha familia ya Kiyahudi. Mashine ya kufulia inaimba, mashine ya kukaushia inaimba, redio inaimba. Yeye anataka kunyamaza. Mtoto wa nyumba ile anasahau chenji mifukoni, na Caroline anaambiwa aichukue iwe yake. Senti chache zile zinamvunja kitu ndani ambacho umaskini haukuwahi kukivunja.

Karibu na mwisho Pinkins alisimama na kuimba wimbo mmoja mrefu wa kumwomba Mungu. Haombi apandishwe wala aokolewe. Anaomba uuawe ndani yake uwezo wa kutamani, ili aweze kurudi kazini Jumatatu bila chuki. Kisha anarudi. Hapai, hashindi, hakumbatiwi. Mwigizaji wa kawaida angetafuta mahali fulani pa kuiomba hadhira impende. Pinkins hakufanya hivyo hata mara moja usiku mzima, na kutofanya hivyo ni kazi ngumu kuliko noti yoyote ya juu.

Aliyemshinda, Idina Menzel, ana sauti ambayo hakuna wa kuibeza, na nafasi yake inafunga nusu ya kwanza ikiwa angani, taa zote zikimwangukia. Mpiga kura anatoka ukumbini amepaa naye. Kwa Caroline anatoka amekaa kimya garini. Hilo ndilo kosa ninaloliona likirudi mwaka baada ya mwaka katika vipengele vya uigizaji: tunaichanganya furaha tuliyopewa na kazi iliyofanywa. Pinkins alikuwa na Tony moja tayari, ya mwaka 1992 kwa Jelly's Last Jam, na huenda hilo lilimtuliza mtu aliyekuwa na kalamu mkononi. Usiku ule wa 2004 Anika Noni Rose, aliyecheza binti yake, alishinda kama msaidizi, ikawa tuzo pekee ya onyesho lile. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa limefungwa.

London ililiona vingine. Lilipata Olivier ya tamthilia mpya ya muziki mwaka 2007, na Sharon D Clarke akapata Olivier ya mwigizaji bora kwa Caroline mwaka 2019. Alipoileta nafasi hiyo Broadway aliteuliwa mwaka 2022, akashindwa na Joaquina Kalukango wa Paradise Square. Caroline bado hana Tony.

Kwa hiyo kabla hamjaurudia ugomvi wa Simba, fanyeni hivi. Wewe tafuta nafasi ya kuiona The Lion King kwa macho yako, hata ikiwa kundi linalozunguka. Dada yako aisikilize Ragtime mwanzo hadi mwisho bila kufanya kazi nyingine. Kisha kaeni wote wawili na albamu ya Caroline, or Change. Nimesema albamu inadanganya, na kwa Taymor inadanganya kweli, lakini hapa kazi yote iko kwenye koo na pumzi, na imerekodiwa vizuri. Fikeni kwenye "Lot's Wife", karibu na mwisho. Halafu niandikieni mniambie kama ningali nakosea.